Shajara ya mradi: Roosevelt alivyosema na Roosevelt alivyoamuru

6 Januari

Orodha imefungwa leo saa tano usiku: hati 46. Hotuba 25, amri na matangazo 21, zote za Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani. Tunaanzia 14 Septemba 1901, siku aliyoapishwa Buffalo baada ya Rais McKinley kufa kwa majeraha ya risasi, na tunaishia 4 Machi 1909, siku aliyomwachia kiti Taft, rais aliyemfuata. Nje ya hapo hatuchukui kitu.

Mpwa wangu, ambaye ndiye fundi wa kompyuta wa mradi, amenuna. Alitaka ile hotuba ya Paris ya Aprili 1910, ya mtu aliye ulingoni uso umejaa vumbi na jasho na damu, maana ndiyo watu wanayotumiana kwenye simu kila Jumatatu asubuhi. "Mjomba, ukiitoa hiyo nani atasoma?" Nimemwambia siku ile Roosevelt alikuwa raia kama sisi, hana mamlaka ya kumtuma hata tarishi. Sisi tunataka siku ambazo maneno yake yalikuwa na muhuri.

Tuko watatu. Mimi nilifanya kazi masijala miaka 31, kwa hiyo hati ya serikali naijua kwa harufu. Mwalimu, jirani yangu, alifundisha Kiingereza sekondari hadi alipostaafu. Mpwa anaskani, anapanga, anatukemea. Majalada ni mawili: la bluu la hotuba, la kijani la amri.

9 Januari

Siku nzima imeliwa na istilahi. Mwalimu alikuja na "amri ya kiutendaji". Nikamuuliza, wewe umeshawahi kupokea amri isiyo ya kiutendaji? Tumekubaliana: amri ya Rais ndiyo inayowaelekeza watumishi wa serikali, na tangazo la Rais ndilo linalowajulisha wananchi wote, kama pale pori linapogeuzwa hifadhi. Waraka tumeuacha kwa barua za ndani. Mgawanyo huu si wa kung'ang'ania sana, kwa sababu wenyewe Wamarekani wa wakati ule walichanganya. Karatasi moja ina kichwa cha amri, nyingine haina kichwa, nyingine ni mstari mmoja alioandika chini ya barua ya waziri na kutia sahihi.

Kilichoniumiza roho ni namba. Amri za marais hazikuwa na namba hadi 1907, Wizara ya Mambo ya Nje ilipoamua kuzipanga. Wakarudi nyuma mpaka amri ya Lincoln ya Oktoba 1862, ile ya kuunda mahakama huko Louisiana, wakaipa namba 1, wakaendelea kushuka na chochote walichokikuta makabatini. Baadaye zikaibuka nyingine zilizokuwa zimelala kwenye maidara. Hakuna nafasi tena, basi wakazipachika katikati kwa nusu na kwa herufi. Nusu! Mtu wa masijala akiona jalada lenye namba na nusu anajua kuna karani alifika kazini asubuhi akatamani kurudi nyumbani. Na Roosevelt peke yake alitoa zaidi ya 1,000, kuliko rais yeyote aliyemtangulia.

14 Januari

Ya kwanza imekamilika: amri ya 14 Machi 1903 kuhusu Pelican Island, Florida. Sentensi moja tu. Inasema kisiwa hicho kilichomo katika Indian River kimetengwa kwa matumizi ya Wizara ya Kilimo kiwe hifadhi na mahali pa kuzalia ndege wa asili. Basi. Hakuna sababu zilizotajwa, hakuna "kwa kuwa".

Sentensi moja imetuchukua siku tatu. Ndege mwenyewe hakusumbua, ni mwari. Kilichosumbua ni anwani ya kisiwa, kwa sababu amri inakitaja kwa hesabu ya wapima ardhi wa kwao: sehemu ya 9, kitongoji cha 31 kusini, safu ya 39 mashariki. Nilipoandika "kitongoji" Mwalimu akacheka, akasema msomaji atatafuta mwenyekiti wa kitongoji. Ni kweli. Wao wanamaanisha mraba wa ardhi wa maili sita kwa sita uliogawanywa vipande 36, na hauhitaji kuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Tumeandika "mraba wa upimaji wa 31 kusini". Halina utamu, lakini halidanganyi.

Kisiwa chenyewe ni eka tano hivi. Wawindaji walikuwa wanaua ndege kwa ajili ya manyoya ya kofia za akina mama wa mjini. Mlinzi wa kwanza, Paul Kroegel, alilipwa dola 1 kwa mwezi, na fedha hiyo ilitoka kwa chama cha wataalamu wa ndege, si serikalini, kwa sababu amri ilitenga kisiwa bila kutenga mshahara. Hilo nalo nalijua kwa harufu. Baada ya hiki Roosevelt alitenga hifadhi nyingine za ndege kwa njia ileile mpaka zikafika 51.

20 Januari

Fimbo.

Kila mtu anajua Roosevelt ndiye wa fimbo, ule usemi wa kunena kwa upole huku umeshika fimbo. Tatizo la kwanza: hotuba inayotajwa siku zote ni ya Minnesota, 2 Septemba 1901, alipokuwa bado Makamu wa Rais. McKinley alipigwa risasi siku nne baadaye. Kwa hiyo iko nje ya mpaka, na mpwa akanitazama kwa jicho la "si nilisema". Bahati nzuri aliurudia usemi huo Chicago, 2 Aprili 1903, akiwa Rais kamili, na pale akaufafanua: taifa la Marekani likisema kwa upole, na wakati huohuo likajenga jeshi la majini lenye uwezo na kulifunza barabara, basi Kanuni ya Monroe, ile ya kuyaonya mataifa ya Ulaya yasijiingize Amerika, itafika mbali. Yaani fimbo ni manowari. Hiyo ndiyo tumeichukua.

Tatizo la pili ni neno lenyewe. "Bakora" ni ya mwalimu wa darasani. "Rungu" tayari ni la Mmasai, au la polisi. "Kifimbo" ndiyo haiwezekani kabisa, kwa Mtanzania kifimbo ni cha Nyerere na mjadala umekwisha. Mwalimu akapendekeza "gongo". Mpwa akaandika kwenye skrini kubwa kabisa, "Sema kwa upole, beba gongo", akatuita tusome. Tulicheka hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Rais wa Marekani anawashauri watu watembee na pombe haramu.

Tumemaliza hivi: "Nena kwa upole, shika fimbo nene, utafika mbali."

Mpwa ameuliza ni methali ya wapi. Kwenye barua ya 26 Januari 1900 Roosevelt aliiita methali ya Afrika Magharibi. Chicago akaiita usemi wa kale wa kawaida tu, Afrika imeshaondoka. Nimeandika hayo mawili kwenye maelezo ya chini na kuyaacha yatazamane.

2 Februari

Leo nimetafsiri amri ya 31 Januari 1902 na nimeitafsiri peke yangu kwa saa mbili, bila kamusi. Inawakataza maofisa na watumishi wote wa serikali, walio Washington na walio nje yake, kuomba nyongeza ya mshahara au kushawishi sheria yoyote inayowahusu wenyewe mbele ya Bunge au kamati zake, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, iwe mtu mmoja mmoja au kupitia vyama vyao, isipokuwa kupitia kwa wakuu wa idara zao. Adhabu ni kufukuzwa kazi.

"Kupitia kwa." Miaka 31 nimeandika maneno hayo juu ya barua. Sikuhitaji kutafuta Kiswahili chake, kilikuwa kinanisubiri. Hata Mwalimu, ambaye hukagua kila kitu kwa kalamu nyekundu, ameirudisha bila alama.

Waliolengwa hasa ni wabeba barua na makarani wa posta na vyama vyao. Wao waliiita amri ya kufunga mdomo. Roosevelt aliikaza tena mwaka 1906, na ilidumu hadi Bunge lilipoifuta kwa sheria ya 1912, iliyowarudishia watumishi haki ya kupeleka shida zao bungeni. Miaka kumi hivi ya kupitia kwa mkuu wa idara.

Nimeiweka kwenye jalada la kijani. Kwenye jalada la bluu, hotuba za miaka hiyohiyo zimejaa sifa za mtu anayefanya kazi kwa jasho lake. Nimeona, nimefunga kabati.

11 Februari

Hasara. Kompyuta iligoma Jumapili, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, akairudisha inawaka vizuri na tupu kabisa. Aliniambia "nimekusafishia, mzee" kwa sauti ya mtu anayengoja shukrani. Rasimu tisa zimekwenda. Nne nilikuwa nimezichapa, kwa hiyo tunaandika upya tano. Mpwa hakusema neno, alinunua flashi mbili, moja kaifunga kwenye funguo zangu.

17 Februari

Kosa jingine, hili letu wenyewe, lakini limetufundisha kitu.

Programu inayosoma picha za maandishi ilikuwa inatoa tahajia za ajabu kwenye baadhi ya nyaraka za mwishoni mwa 1906: maneno ya Kiingereza yamekatwa mikia, "thru", "tho". Mpwa akaona ni makosa ya mashine, akayasahihisha yote kwa pigo moja. Mwalimu alipogundua aliruka kwenye kiti. Hayakuwa makosa. Agosti 1906 Roosevelt alimwamuru mpiga chapa mkuu wa serikali atumie tahajia mpya ya maneno 300, iliyopendekezwa na bodi moja ya warekebishaji iliyokuwa ikifadhiliwa na tajiri Carnegie. Magazeti yakamcheka vuli nzima. Desemba Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio, kura 142 dhidi ya 24, kwamba nyaraka zake zifuate tahajia ya kamusi za kawaida, naye akarudi nyuma. Aliyeagiza hifadhi na manowari alishindwa na herufi tatu.

Sisi huku tahajia ya Kiswahili sanifu ilipangwa na kamati tangu 1930, kwa lahaja ya Unguja, na hakuna bunge letu lililopiga kura. Labda ndiyo maana ilikaa.

Na kuna la kinyume chake. Tangazo la 24 Septemba 1906, lililoufanya mlima mmoja wa Wyoming kuwa mnara wa taifa, yaani eneo linalolindwa na serikali, wa kwanza kabisa, liliacha alama moja ya ritifaa katika jina, na Devil's Tower ikawa Devils Tower. Karani alipitiwa. Haijarekebishwa mpaka leo, ramani zote zimemfuata karani. Nimeipenda hati hii kuliko ninavyopaswa.

Hali: 14 zimekamilika.

26 Februari

Springfield, Illinois, 1903. Hotuba fupi, dakika chache, kwenye kaburi la Lincoln. Hii ndiyo yenye maneno ambayo baadaye yalibeba siasa zake zote za ndani, nami nilidhani ningeimaliza kabla ya chai.

Kwanza tarehe. Vitabu vingi vinasema 4 Julai. Haiwezekani. Ziara yake ya magharibi ilimalizika mwanzoni mwa Juni, na 4 Julai alikuwa kwao New York, ndiyo siku aliyotuma salamu kwa waya mpya wa chini ya Bahari ya Pasifiki. Sahihi ni 4 Juni. Mtu mmoja alinakili vibaya, na wengine wakanakili kutoka kwake, kazi ya masijala naijua.

Pili maneno. Usemi wake, "square deal", unatoka kwenye karata: mchezaji aliyegawiwa kihalali, asiyechezewa mkono. Mwalimu akaandika "mgao wa haki". Mpwa akauliza, mgao wa umeme? Tukanyamaza wote. Ukimwambia Mtanzania kwamba askari aliyemwagia nchi damu anastahili mgao, ataelewa kwamba taa zake zitazimwa kuanzia saa kumi na mbili. Jioni nilikwenda kijiweni wanakocheza karata nikakaa tu kusikiliza. Saa moja haikupita, mzee mmoja akatupa karata mezani: "Gawa za halali bwana!" Nikarudi nyumbani.

Sasa inasomeka hivi: "Mtu aliyefaa kumwaga damu yake kwa ajili ya nchi, anafaa kugawiwa karata za halali baada ya hapo. Zaidi ya hizo hakuna anayestahili, na pungufu ya hizo hakuna atakayepewa."

Watu hunukuu kuanzia hapo. Sisi tunatafsiri kuanzia mwanzo, na sentensi zinazotangulia zinasema inafaa sana kwamba ulinzi wa kaburi la Lincoln siku ile ulikuwa wa askari weusi, na kwamba yeye mwenyewe alibahatika kupigana pamoja na vikosi vya weusi kule Santiago, Cuba. Yaani yule "mtu aliyefaa kumwaga damu" hakuwa mtu wa jumla. Alikuwa amesimama pale, amevaa sare.

9 Machi

Hotuba ya Aprili 1906, jiwe la msingi la jengo la ofisi za wabunge. Humo anawasema waandishi wa habari wanaofukua uovu bila kuinua macho, akitumia mfano wa mwandishi Bunyan wa mtu mwenye reki aliyeahidiwa taji la mbinguni asilitazame. Kiingereza chake ni "muck-rake". Tulianza na "samadi", lakini kwa mkulima mtu anayekusanya samadi ni mchapakazi. Roosevelt mwenyewe anasema uchafu wa sakafuni. Basi: "Mtu wa Reki", anajikokotea uchafu wa sakafu. Wapo waandishi waliolichukua tusi hilo wakalifanya cheo.

14 Machi

Nimeona kwenye orodha kwamba leo ni siku ya amri mbili. 14 Machi 1903, ndege wa Pelican Island. 14 Machi 1907, amri ya kuwazuia vibarua wa Kijapani na Kikorea, wenye ujuzi na wasio nao, waliokuwa na pasipoti za kwenda Hawaii, Mexico au Canada, wasiingie Marekani bara. San Francisco walikuwa wamewatenga watoto wa Kijapani katika shule zao, Tokyo imekasirika, na amri ilikuwa sehemu ya bei ya kuwafanya watu wa San Francisco walegeze. Lugha ni ileile, tulivu, ya kutenga. Kilimo kinatengewa kisiwa, bara linatengwa na watu.

Wiki mbili kabla ya hiyo ya pili kuna matangazo ya misitu. Bunge lilikuwa limepitisha kifungu cha kumzuia Rais asiongeze hifadhi za misitu katika majimbo sita ya kaskazini-magharibi. Yeye na Pinchot, mkuu wa misitu, wakakesha na ramani, wakatangaza eka milioni 16 hivi, kisha ndipo akatia sahihi sheria iliyomkataza kufanya alichomaliza kufanya. Tumetafsiri mawili tu kati ya hayo. Yanafanana kama matofali.

28 Machi

Masika yameanza, umeme unakwenda na kurudi. Tumesikiliza sauti yake. Alipokuwa Rais hakuna tuliyoipata, hizi ni za 1912, alizorekodi Edison wakati akigombea tena. Nilitegemea ngurumo. Ni sauti nyembamba, ya juu, inayokata kila neno kama anayekata kachumbari. Mwalimu alifumba macho, akasema: "Fupisha sentensi zako zote." Ana haki. Nimerudi kwenye hotuba 16 na kuvunja kila "ambapo" na "ambaye" niliyoweza.

Jambo lililobaki bila jawabu ni ujumbe wa mwaka wa 3 Desemba 1901. Uko jalada la bluu, lakini hakuutamka. Tangu Jefferson mwaka 1801 marais walikuwa wanaupeleka bungeni kwa maandishi, makarani wanausoma, hadi Wilson alipokwenda mwenyewe 1913. Maneno 20,000 hivi. Nawahurumia makarani. Si hotuba, si amri. Mpwa ameuandikia kalamu ya risasi: "bluu??"

12 Aprili

Nilijua siku hii itafika, nikawa naipitisha chini ya rundo.

Amri Maalumu Na. 266 ya Wizara ya Vita, 9 Novemba 1906. Haina sauti yake hata kidogo. Inaanza kwa maneno ya "kwa maelekezo ya Rais", kisha inawataja kwa majina askari wa kampani B, C na D za Kikosi cha 25 cha Miguu, watu 167, wote weusi. Wanaondolewa jeshini bila heshima, hawaruhusiwi tena milele kujiandikisha jeshi la nchi kavu wala la majini, wala kuajiriwa katika kazi yoyote ya kiraia ya serikali.

Kilichotokea ni hiki. Usiku wa 13 Agosti, mjini Brownsville, Texas, risasi zilipigwa mitaani. Mhudumu wa baa akafa, polisi mmoja akajeruhiwa. Wenyeji wakasema ni askari weusi wa Fort Brown, waliokuwa wamefika wiki mbili tu kabla. Maofisa wao, wazungu, walisema watu wao walikuwa kambini. Askari waliulizwa mmoja mmoja nani alifanya, kila mmoja akasema hajui, na kutojua huko kukaitwa njama. Hakuna aliyeshtakiwa wala kusikilizwa mahakamani. Uamuzi ulikuwa tayari 5 Novemba. Tarehe 6 ulikuwa uchaguzi wa Bunge, na weusi wa kaskazini walikuwa wapiga kura wa chama chake. Ulitolewa hadharani kura zikiwa zimekwishapigwa.

Kikosi cha 25 kilikuwa Santiago mwaka 1898, kilipigana El Caney. Miongoni mwa waliofukuzwa ni sajini wa kampani B, Mingo Sanders, miaka 26 jeshini, karibu kustaafu kwa pensheni.

Mimi na Mwalimu tulikuwa barazani, mvua inanyesha, anasoma Kiingereza, naandika Kiswahili. Alipofika "kazi yoyote ya kiraia ya serikali" alisimama. "Hata utarishi?" Nikasema hata utarishi. Akakunja miwani, akaomba jalada la bluu, akafungua Springfield. Akasoma ile sentensi ya karata kwa sauti, kwa Kiswahili chetu, polepole kama alivyokuwa akisoma imla darasani. Kisha akaliweka jalada la bluu juu ya la kijani.

"Mzee mwenzangu, umeyaweka kabati mbili mambo ya mtu mmoja."

15 Aprili

Majalada mawili yamefutwa. Kila kitu kinapangwa kwa tarehe, hotuba na amri na matangazo katika mstari mmoja. Springfield ni hati ya 15, Brownsville ni ya 33. Amri ya kufunga midomo inafuata ujumbe wa 1901 moja kwa moja, na ule ujumbe hauhitaji tena kuwa bluu wala kijani.

Mpwa amelipokea hivi: "Shikamoo mjomba. Unajua nimeshaziwekea namba zote?" Marahaba, najua. "Na viungo vyote?" Najua. Alikaa kimya kwenye simu, kisha akasema angalau hatutaanza kutumia nusu.

Nimeona faida nyingine papo hapo. Amri zikisimama peke yake zinachosha, na hotuba zikisimama peke yake zinapendeza kupita kiasi. Zikichanganywa, Grand Canyon inapata maana. Tarehe 6 Mei 1903 anawaambia watu wa Arizona waliache bonde lilivyo, hawawezi kuliboresha, karne na karne zimelifanyia kazi na mwanadamu atalichafua tu. Ukiruka hati kadhaa, 11 Januari 1908, unakuta tangazo linalolilinda. Pale alisema, akatenda. Sitaki msomaji adhani nimepanga mtego wa upande mmoja.

11 Mei

Tumewapa watu sita rasimu wasome. Waliyoipenda wote ni amri ya Desemba 1908, inayowataka maofisa wa Marine, askari wa majini, watembee maili 50 kwa siku tatu, jumla ya saa 20 pamoja na mapumziko, kuonyesha kwamba bado ni wazima. Maofisa waliponung'unika, Roosevelt alipanda farasi 13 Januari 1909, akaenda Warrenton, Virginia, na kurudi siku hiyohiyo, maili karibu 100, sehemu ya njia kwenye theluji. Mmoja wa wasomaji wetu ameomba nakala ampelekee mkuu wake wa zamani.

Wawili waliuliza mbona hakuna cha kwetu. Roosevelt aliteremka Mombasa 21 Aprili 1909, wiki saba baada ya kuacha urais, na alipotoka huku akaenda London, akasimama Guildhall 31 Mei 1910 akawasifu Waingereza kwa utawala wao Afrika na kuwaambia kuhusu Misri: ama mna haki ya kuwa pale, ama hamna. Hotuba kali, inatuhusu, na iko nje ya mpaka. Mpwa ameinua nyusi kunikumbusha Paris. Nimefungua jalada C, karatasi moja ndani yake. Haihesabiwi.

3 Juni

Hali: 45 kati ya 46. Iliyobaki ni Na. 266, na kilichobaki ndani yake ni majina tu.

Mpwa alisema tuandike "yanafuata majina 167" tuendelee. Mashine imeyavuruga, herufi za 1906 zimefifia, na majina hayatafsiriwi. Nimekataa. Mwaka 1972 Jeshi la Marekani liliwasafisha wote, likawapa kuondoka kwa heshima, bila malipo ya miaka iliyopita. Kati ya 167, mahakama ya uchunguzi ya 1910 iliwaruhusu 14 tu kujiandikisha upya. Kufikia 1973, Bunge lilipokubali kulipa, aliyepatikana kupokea dola 25,000 ni Dorsie Willis wa Minneapolis, aliyekuwa amefanya kazi ya kung'arisha viatu kwa miongo mingi. Waliandikwa kwa majina walipofukuzwa. Wataandikwa kwa majina kwetu pia.

8 Juni

Mwalimu anasoma cheo, jina, kisha anataja herufi moja moja pale karatasi ilipofifia. Mimi naandika, naye anarudia kwa kidole. Kampani B imekwisha jana. Leo tumeanza C saa tatu asubuhi, tukasimama kula, tukarudi. Wapigatarumbeta wawili, mpishi, makoplo, kisha askari wa kawaida, safu ndefu.

Umeme umekatika saa kumi na moja na nusu. Nimehifadhi kwenye flashi zote mbili. Kesho D.